Mbele ya Wale Wale

Sentensi ya kwanza iliyonyooka ambayo Mwalimu aliiandika tangu kiharusi kimwangushe ilimchukua dakika ishirini na mbili, na ilikuwa tusi.

Aliiandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, simu ameilaza juu ya mto mapajani, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pembeni kama mgeni asiyejua aage saa ngapi. Kwa miezi minane kila alichoandika kilitoka na majeraha: herufi zimerukwa, maneno yamekatika mikia, "nyumba" imegeuka "nymuba". Hii haikuwa na kasoro. Aliikagua herufi kubwa ya mwanzo, akaikagua nukta ya mwisho, akaisoma mara mbili kwa midomo isiyotoa sauti, kisha akaituma kundini.

"Kichwa kama chako hata ukikigawa bure sokoni, atakayekipokea atakirudisha kabla ya jua kuzama."

Vicheko vikaanza kumiminika kwenye kioo, vile vikatuni vya njano vinavyotoa machozi. Kumi na moja. Kumi na nane. Mtu akaandika, "Leo Chaki kaamka!" Mwingine akaongeza, "Mzee wa zamu ndefu kapiga bao." Mwalimu akahisi joto kifuani, joto alilokuwa amelisahau, lile la zamani darasa zima linapoangua kicheko kwa neno lake moja tu.

Chaki ndilo jina alilojipa humo. Kundi lenyewe liliitwa Meza Moja, watu mia tatu na ushee wanaopenda michezo ya mezani: ya kete, ya dadu, ya kadi, ya ramani zinazotandazwa juu ya meza. Walibishana kuhusu mbinu, wakasaidiana kuelewa sheria za michezo, na kila wiki walicheza mmoja kwa ujumbe. Wiki hizi ulikuwa mchezo wa misafara: kila mchezaji ana mizigo yake, anaandika anakotaka kuipeleka, msimamizi anarusha dadu kwake nyumbani na kutuma picha ya ubao.

Na msimamizi huyo alikuwa bintiye, mfamasia, aliyerudi kuishi na wazazi ili asaidie kumuuguza baba. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ukuta ule ule ambao Mwalimu aliuegemea. Mwalimu aliamini binti hajui. Linki ya kundi aliiona kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la mchezo wa binti, akajiunga kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mkewe.

Si kwamba alipenda michezo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyemwambia, "Andika kila siku, Mwalimu. Andika hata upuuzi, mradi uandike." Lakini amwandikie nani? Wenzake waliostaafu pamoja naye walikuja mara mbili, wakazungumza na mkewe wakipitisha maneno juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni kabati, wakaaga, wakapotea. Humo kundini hakuna aliyejua kwamba akinywa chai humtiririka kidevuni. Humo alikuwa mtu anayechelewa kujibu, basi.

Hata kuchelewa huko kulikuwa na mlinzi. Mwezi uliopita mmoja aliyejiita Kipanga aliandika, "Chaki, unaandika kwa kidole cha mguu au?" Watu wakacheka, na Mwalimu akaifunika simu kifudifudi juu ya mto, macho yakimwasha. Dakika tano hazikupita, msimamizi akaingia: "Kipanga, kanuni ya pili. Anayefikiri haharakishwi wala hachekwi. Na kanuni ya tano unaijua: ukikosea, omba radhi pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale." Kipanga akaomba radhi. Mwalimu alimsikia bintiye kupitia ukutani akisonya, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijisikia mtu mwenye watu wake.

Sasa alikuja huyu aliyejiita Sindano. Mgeni, hana hata wiki mbili. Aliuliza pointi za mizigo zinahesabiwaje, akajibiwa. Akauliza tena, akajibiwa. Akauliza mara ya tatu: "Samahanini, bado sijaelewa. Naomba mnieleweshe taratibu." Ndipo kidole cha Mwalimu kilipomwasha. Miaka thelathini na moja ya kusahihisha madaftari ilimpanda kichwani. Ulimi umepooza, lakini maneno yenyewe yalikuwa bado yamepangwa humo ndani, makali kama alivyoyaacha.

Vicheko vilifika ishirini na sita. Sindano hakuuliza tena.


Kesho yake walikula mapema, jua likiwa bado linaingia kwa dirisha la jikoni. Mama alikuwa amekaa karibu na mumewe, anamchambulia samaki miiba. Vidole vyake vya mshonaji viliifanya kazi hiyo bila kuangalia.

Binti aliweka simu kando ya sahani. "Mama, hebu nikusomee kitu."

Akaisoma ile sentensi. Ilipotoka kwa sauti, mezani pale, kati ya chumvi na jagi la maji, haikuchekesha hata kidogo. Binti alipofika kwenye "kabla ya jua kuzama" sauti yake ilisita.

"Huyo aliyeambiwa hivyo ameniandikia mimi peke yangu. Sikiliza: 'Dada msimamizi, naondoka, sina ugomvi na mtu. Mimi napiga deki hospitali. Shule niliacha darasa la tano kwa ajili ya maneno ya namna hii hii. Nilidhani kwenye mchezo hayapo. Kanuni zenu ni nzuri, asanteni.'"

Kijiko cha Mwalimu kiligonga ukingo wa sahani.

"Sasa utafanyaje?" Mama aliuliza, macho kwenye samaki.

"Kanuni ni ile ile. Nimemwandikia huyo Chaki. Nimempa mpaka kesho saa kumi na mbili jioni aombe radhi. Asipoomba, anatoka."

"Na kama ni mtu mzima? Mtu mwenye heshima zake?"

"Basi ndiye angepaswa kujua zaidi, Mama."

"U-ta," Mwalimu alisema. Wote wawili wakageuka, maana mezani hazungumzi mara nyingi. Alikusanya pumzi. "U-ta-ni."

"Utani ni ule anaoucheka yule anayetaniwa, Baba."

Tone la mchuzi lilikuwa limeshuka kidevuni mwa Mwalimu. Mama alinyanyua kitambaa akampangusa, taratibu, kama mtu anayefuta meza.


Onyo lenyewe alikuwa amelisoma tangu asubuhi. Siku ya pili aliisubiri saa kumi na mbili kama mshtakiwa. Alifungua ukurasa wa kanuni. Zilikuwa tano tu, fupi, za lugha nyepesi. Mgeni asichekwe. Anayefikiri asiharakishwe. Usimmalizie mwenzio mchezo kwa kumwambia utakavyoisha. Pambana na hoja, usipambane na mtu. Na ya tano, ile ya radhi.

Akaandika, "Sam". Akafuta. Akaandika, "Saman", akaona kosa, akafuta.

Katika maisha yake ya kazi, Mwalimu alikuwa amepokea radhi kama wengine wanavyopokea salamu. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu. Watoto walisimama mbele yake wakiangalia viatu vyao, wakaomba radhi kwa kuchelewa, kwa kucheka, kwa kusahau kalamu, kwa kutojua. Yeye mwenyewe hakumbuki kuomba hata moja. Hakujua hata inaanzia wapi. Akajiambia: ameniona nani? Chaki si mtu, Chaki ni jina. Akitolewa Chaki, mimi nimepungukiwa nini?

Saa kumi na mbili na dakika moja kioo kiliandika: "Umeondolewa na msimamizi."

Ng'ambo ya ukuta kiti kilisukumwa. Kisha bomba la jikoni likafunguliwa, na maji yakatiririka kwa muda mrefu kuliko yanayohitajika kuosha kikombe.


Ikawa wiki mbaya. Simu iliisha chaji, akaiacha. Mtaalamu wa mazoezi alikuja siku zake, akaunyanyua mkono wake, ukaanguka kama kamba iliyolowa. "Leo Mwalimu wangu amekwenda wapi?" aliuliza kwa utani, na Mwalimu akageuzia uso ukutani. Sahani zilirudi jikoni zikiwa nusu. Alikuja jirani kumjulia hali, akasema kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi, "Mzee! Tutapona! Eeh?" Mwalimu hakumtazama.

Siku ya sita cherehani ya Mama ilinyamaza katikati ya mshono. Alikuja akakaa kitandani, nyuzi zimemganda kwenye gauni.

"Mwalimu," alisema. Hajawahi kumwita vingine tangu waoane. "Ile laini niliisajili mimi. Nilisimama foleni nikatoa kitambulisho changu. Unadhani sijui Chaki ni nani?"

Mwalimu alifumba macho.

"Na siku ile mezani nilikuwa nakuchambulia samaki huku nasema moyoni, sema, sema sasa hivi, yaishe. Hukusema. Kamwambie mtoto."

"Si-wezi."

"Huwezi au hutaki?"

Mwalimu alivuta shuka kwa mkono wa kushoto.

"Daktari aliniambia umepooza mkono na ulimi," Mama alisema akinyanyuka. "Moyo hakuutaja."


Jumamosi asubuhi binti hakuwa na zamu kwenye duka la dawa. Alikuwa ametandaza ubao wa misafara mezani, anapanga kete kwa rangi. Mwalimu alitoka chumbani na fimbo yake, hatua moja, buruta, hatua moja, buruta. Binti alitaka kunyanyuka amsaidie, akaona uso wake, akatulia. Mwalimu alijishusha kitini, akaitoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaisukuma juu ya ubao mpaka mbele yake. Mama alikuwa ameichaji.

"Umeondolewa na msimamizi."

Binti aliitazama, hakushtuka.

"Nilijua," alisema.

Mwalimu alinyanyua kichwa.

"Nilijua siku ile ile nilipoisoma. Sentensi hiyo ina mwenyewe, Baba. Niliisikia nikiwa darasa la sita."

Alichukua kete moja nyekundu, akaizungusha kati ya vidole.

"Siku ya wazazi, shule nzima ukumbini. Ulitaka waone darasa lako linavyofundishwa. Ukaniita ubaoni, hesabu ya sehemu. Nikasimama pale na chaki mkononi, nikasahau hata jina langu. Ndipo ukasema. Sokoni, bure, kabla ya jua kuzama, yote. Watu mia sita walicheka. Wazazi walicheka. Halafu ukaniambia niwaombe radhi kwa kuwapotezea muda, nami nikawaomba. Jioni ukaniambia hukutaka waseme unanipendelea."

"Ni-li..." Mwalimu alianza.

"Ngoja kidogo, sijamaliza. Hesabu nilikuja kuijua. Kutwa nahesabu dozi za watu. Lakini mpaka leo kila dozi naihesabu mara tatu, na wenzangu wananiuliza kwa nini mikono inatetemeka." Aliirudisha kete kwenye fungu lake. "Kanuni ya tano niliitoa kwako. Niliigeuza tu. Kwako waliomba radhi wasiojua. Kwangu anaomba anayemcheka asiyejua. Nilikupa siku nzima, Baba. Nilikaa na simu mkononi nakusubiri."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia. Ulipopita, chumba kilionekana kidogo zaidi.

"Ni-ru-di-she," Mwalimu alisema.

"Nikikurudisha kwa kuwa wewe ni baba yangu, zile kanuni zinageuka karatasi ya kufungia karanga. Kipanga aliomba." Akasita. "Ukitaka, nitawaeleza kwamba unaumwa. Watakuelewa."

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulipiga meza, kete zikaruka.

"Ha-pa-na!" Mishipa ilimsimama shingoni. "Si... ki-si-ngi-zio."

Binti alimtazama kwa namna ambayo hajamtazama tangu arudi nyumbani, si kama mgonjwa wa kupangiwa vidonge, bali kama mtu anayeweza kugombana naye.


Ilimchukua siku mbili. Aliandika kwenye simu, akamkabidhi binti asome kabla ya kutuma, kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka hivyo. Andiko la kwanza lilisema, "Kama nimekukosea, samahani."

"Hapa 'kama' inafanya kazi gani?" binti aliuliza.

Mwalimu alivuta pumzi kwa pua. Swali hilo hilo aliliandika kwenye madaftari kwa wino mwekundu maelfu ya mara. Akarudi chumbani.

La pili lilisema alikuwa na hasira siku hiyo. Binti alilisoma, akamrudishia simu. Mwalimu akalifuta mwenyewe. Mama, aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano, alicheka puani. "Leo mwanafunzi kapata mwalimu," alisema, na kwa nusu dakika wote watatu walikuwa karibu kucheka.

Binti alimtafuta Sindano faragha. Hakumwambia Chaki ni nani, alimwambia tu kwamba Chaki anataka kusema naye mbele ya wote, na kwamba yeye halazimiki kuja. Sindano alijibu baada ya zamu yake ya kazi: atakuja, atasoma, zaidi ya hapo haahidi kitu.

Jioni ya Jumatatu Chaki alirudishwa kundini, akatuma ujumbe mmoja. Ulisomeka hivi:

"Sindano. Nilikutukana. Swali lako lilikuwa sahihi, uliulza kwa adabu, na mimi nikakucheka mbele ya watu. Nimefanya hivyo kwa watu wengi kabla yako. Wewe huna kosa. Naomba radhi. Chaki."

Neno moja lilikuwa limekosa herufi. Binti aliliona kabla baba hajatuma, wala hakulisahihisha. Kundini hakuna aliyecheka. Kwa saa nzima hakuna aliyeandika chochote, watu mia tatu na ushee wamekaa kimya kama waliokutwa wanasikiliza mlangoni. Wale ishirini na sita waliotuma vicheko, baadhi walirudi kimyakimya wakavifuta. Wawili waliomba radhi. Wengine wakajifanya hawakuwahi kuwepo.

Sindano alijibu siku ya pili yake, mchana. "Nimesoma. Siwezi kusema yameisha, maana hayajaisha. Lakini nitabaki kundini."

Mwalimu alilisoma jibu hilo mara nyingi. Kisha, kwa dakika kumi, akaandika: "Naweza kukueleza pointi, taratibu?"

"Asante," Sindano alijibu. "Nimeshaeleweshwa na mwingine."

Mwalimu aliilaza simu kifudifudi. Ilimuuma, na alijua kwamba hana wa kumlalamikia. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja kesho yake, Mwalimu mwenyewe alimnyooshea mkono kabla hajaombwa.


Ilikuwa Jumapili alasiri. Mama alikuwa kwenye cherehani, anamalizia kola za sare. Binti alikuwa amekaa mkekani anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa, bado zina joto la jua. Mwalimu alikuwa kitini karibu na dirisha, na kwa muda mrefu midomo yake ilikuwa inajaribu kitu bila sauti.

"Na we-we," alisema mwishowe.

Binti alinyanyua macho. "Na mimi nini, Baba?"

"Da-ra-sa... la si-ta."

Binti aliendelea kukunja shati, akalikunja vibaya, akalikunjua, akaanza upya.

"Umeandika kwamba umewafanyia wengi," alisema. "Nilijua nimo. Inatosha."

"Hai-to-shi."

"Kanuni inasema mbele ya wale wale." Alilikunjua shati tena. "Wale walikuwa mia sita, Baba. Wamekua, wamehama, wengine wamekufa. Shule yenyewe imebomolewa. Nitawatoa wapi?"

Mwalimu alitazama mkono wake wa kulia pale ulipolala, kisha akatazama sakafu, kama walivyokuwa wakifanya wale watoto wa zamani.

Cherehani ilisimama.

"Mimi nilikuwepo," Mama alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa bado ameshika kola kwa mikono miwili.

"Nilikaa safu ya pili, upande wa dirisha. Nilimwona mwanangu anatetemeka pale ubaoni. Waliokuwa pembeni yangu walicheka, nami nikatabasamu, wasije wakasema mke wa Mwalimu ana kiburi. Nikabaki nimekaa." Aliiweka kola chini. "Miaka yote hii nimeshona nguo za watoto wa watu nikijiambia kwamba sikuwa na la kufanya. Nilikuwa na miguu. Ningeweza kusimama."

Binti aliziba mdomo kwa shati lililokuwa mkononi.

Mama alizunguka cherehani, akaja mpaka katikati ya chumba, kati ya kiti cha mumewe na mkeka wa bintiye. Alisimama wima, mikono imeshuka ubavuni.

"Nimesimama sasa," alisema. "Mwambie, Mwalimu. Mimi nasikiliza. Na ukimaliza, na mimi nina langu la kumwambia."

Mwalimu akaanza. Neno la kwanza lilikwama, likarudi, likakwama tena kwenye silabi ya tatu. Mate yalimshuka kidevuni na hakuna aliyenyanyua kitambaa. Lilimchukua muda mrefu sana neno lile, "nilikukosea", na wale wawili wakalingoja lote, hakuna aliyemmalizia.